Tukishaiona Sinema, Tusome Nini?



Naandika kutoka Al Kamil wal Wafi, Sharqiyah ya Kusini, Oman. Kwa gari ni mwendo wa saa tatu hivi kutoka Muscat. Unaipita Ibra, unaendelea kama unayekwenda Sur. Nimekuja kwa wiki tano kupima maji katika mifereji ya kale wanayoiita falaj, kwa ajili ya tasnifu yangu, na nimefikia kwa ami yangu. Mchana ni jua na vipimo, usiku ni kahawa, tende na Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili. Mji uko mbali na bahari, umezungukwa na nchi kavu na miti ya ghaf, lakini zipo nyumba ambazo ukipiga hodi unaitikiwa "karibu" kwa lafudhi ya Unguja, na nyingine kwa lafudhi ya Tabora au Bujumbura, maana watu wa Sharqiyah waliokwenda Afrika hawakuishia visiwani. Waomani wenzao huwaita wote "Wazanzibari", hata yule ambaye hajapata kuiona Zanzibar kwa mbali.

Usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa tumekaa sebuleni, wakubwa kwa wadogo. Binamu yangu, ambaye naye anasoma Uingereza, mwaka wa pili, akaunganisha simu yake na televisheni akatuwekea kipande cha Africa Addio.

Wengi wenu nadhani mmeshakiona, kwa sababu kila ikifika Januari kinazunguka kwenye simu za watu. Kwa ambao hawajakiona, hii ni filamu ya Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotoka mwaka 1966. Walikuwa wameshapata jina kwa filamu yao nyingine, Mondo Cane, ya 1962. Sehemu ya Zanzibar ni dakika chache tu, imepigwa kutoka angani Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi. Unaona watu waliovaa nguo nyeupe wamekusanywa pamoja. Unaona makaburi. Unaona miili ardhini, na watu wanakimbilia ufukweni. Juu ya picha hizo inasikika sauti ya msimulizi mmoja, na huyo si mtu wa Zanzibar.

Kilipokwisha hakuna aliyesema kitu. Ami alikuwa akijifuta macho. Bibi yetu alishainuka tangu picha ya kwanza, akachukua kikombe chake akaenda zake uani. Binamu ndiye aliyevunja kimya.

"Sasa nimejua," akasema. "Nitawatumia wenzetu kule chuoni, nao wajue."

Hapo nikaingiwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwaka jana, katika jumuiya moja ya wanafunzi ninayoifahamu (chuo sikitaji), mtu mmoja alikituma kipande hichohicho kwenye grupu la WhatsApp asubuhi ya tarehe 12 Januari. Kufika adhuhuri watu wanatajiana babu zao: mmoja anaitwa mtumwa, mwenziwe anaitwa muuza watumwa, wa tatu anaambiwa arudi kwao, nasi sote tuko ughaibuni, sijui arudi wapi. Wawili waliokuwa wakipika sufuria moja tangu mwaka wa kwanza hawasalimiani mpaka leo. Na katika wote waliogombana siku ile, nilikuja kugundua, hakuna aliyekuwa amesoma hata kitabu kimoja kuhusu jambo lenyewe. Hata mie nilikuwa sijasoma. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, naweza kukokotoa presha ya maji ndani ya bomba la kilomita kumi, lakini nilichokijua kuhusu 1964 ni kile cha darasani na kile cha jikoni kwetu, na viwili hivyo havikufanana hata kidogo.

Kwa hiyo nasema hivi, na anayetaka kunipinga anipinge kwenye toleo lijalo. Filamu ikikugusa inakuachia hamu, na hamu hiyo haidumu, ni siku tatu nne. Utakachokisoma ndani ya siku hizo ndicho kitakachokaa. Wengi wetu tukitoka kwenye sinema tunatafuta kitabu chenye ladha ileile: filamu imetuliza, tunataka kitabu kitulize zaidi, filamu imetutia hasira, tunataka kitabu kitakachotuthibitishia kuwa hasira yetu ni ya haki. Maduka ya vitabu nayo yamejaa ushauri wa namna hiyo, ukipenda hiki basi chukua na kile, kama pipi. Nnavyoona mie, kwa filamu zinazohusu historia yetu sisi wenyewe, kitabu cha kwanza kukitafuta ni kile kinachobishana na filamu, na cha pili ni kile ambacho nyumbani kwenu hakikai kwenye kabati.

Nianze na hii Africa Addio. Jina lake maana yake ni "Kwaheri Afrika", na anayeaga pale si bibi yangu. Anayeaga ni mzungu. Kipande cha Zanzibar kikikatwa na kutumwa peke yake kinafanana na maombolezo, lakini itazame filamu nzima, kama una moyo wa kuitazama. Utaona inasikitikia mashamba ya walowezi Kenya, inawafuata mamluki Congo, inaonyesha wanyama wanavyochinjwa, na mstari unaounganisha yote hayo ni kwamba Mwafrika akiachiwa nchi ataiharibu. Mhakiki wa Marekani, Roger Ebert, aliiandika vibaya sana mwaka 1967 na kuiita ya kibaguzi. Italia kwenyewe ilizuka tuhuma kwamba mauaji fulani ya Congo yalipangwa ili kamera iyapate. Wakachunguzwa, wakaonekana hawana hatia. Wafu wa Zanzibar wamewekwa mle kuwa ushahidi katika kesi ya mtu mwingine, na kesi yenyewe ni dhidi ya Waafrika wote, pamoja na sisi tunaoituma.

Sisemi picha ni za uongo. Watu waliuawa. Idadi inabishaniwa hadi leo na makadirio yanapishana mno, lakini hakuna mtu makini anayekanusha kwamba wengi wasio na silaha, wanawake na watoto wakiwemo, waliuawa kwa sababu ya asili yao. Nataka binamu yangu alijue hilo. Nataka na wale wa upande wa pili walijue, wale ambao shuleni tulifundishwa Mapinduzi kama sherehe na gwaride.

Ila ndege haioni kilichotangulia. Haioni uchaguzi wa Julai 1963, ambapo Afro-Shirazi walipata kama asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na muungano wa ZNP na ZPPP. Haioni Juni 1961, zilipozuka ghasia za uchaguzi zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu, miaka miwili na nusu kabla ya Mapinduzi. Kwa hayo kuna kitabu cha Jonathon Glassman, War of Words, War of Stones, cha mwaka 2011. Kigumu kidogo, kinene, na mwandishi hana haraka. Lakini anachokifanya ni kusoma magazeti ya Unguja ya miaka ile, ukurasa kwa ukurasa, anakuonyesha jinsi wasomi wa pande zote walivyofundishana maneno ya kuchukiana hata yakashuka barazani na visimani. Nilipokuwa nakisoma nilikuwa natambua matusi. Ni yaleyale ya kwenye grupu la WhatsApp.

Sasa, binamu yangu nikamwandikia vitabu vyake kwenye karatasi. Cha kwanza hakikutoka Zanzibar wala hakimtaji Okello, kimetoka hukuhuku kwao: riwaya ya Jokha Alharthi, Sayyidat al-Qamar, iliyochapishwa kwa Kiarabu mwaka 2010. Kwa Kiingereza inaitwa Celestial Bodies, tafsiri ya Marilyn Booth, na mwaka 2019 ilipata tuzo ya International Booker, kitabu cha kwanza kilichoandikwa kwa Kiarabu kuipata. Kijiji cha kwenye riwaya kinaitwa al-Awafi, jina ambalo mtu anayelala Al Kamil wal Wafi hawezi kulipita bila kutabasamu. Wengi husema ni hadithi ya madada watatu na ndoa zao. Kweli, lakini kwangu moyo wa kitabu ni Zarifa, mtumwa wa tajiri Sulayman, aliyemlea mtoto wa tajiri huyo kama wake. Oman utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1970. Elfu moja mia tisa na sabini! Wapo watu wa umri wa ami yangu wanaokumbuka. Binamu aliposikia mazungumzo yanaelekea huko akanambia, "Hayo ni mambo ya zamani." Nikamwuliza 1964 ni lini.

Cha pili ni cha Profesa Abdul Sheriff, Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar, cha 1987. Ami alipolisikia jina hilo alivuta pumzi, "Huyu naye!" Ndiyo maana nikakitia. Sheriff ni Mzanzibari, na mkazo wake ni uchumi: karafuu, pembe za ndovu, mikopo ya matajiri wa Kihindi, na namna funguo za piano za Ulaya na Marekani zilivyofungamana na misafara ya bara. Ukimaliza huwezi tena kusema utumwa ulikuwa ukatili wa kabila moja tu dhidi ya jingine, wala huwezi kusema haukuwepo. Ukitaka kumsikia mwenye msafara mwenyewe, tena kwa Kiswahili chake, tafuta maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia kwa maneno yake mwenyewe. Amekufa 1905, lakini sauti iko hai. Anahesabu pembe na vita kwa utulivu uleule, kama mtu anayesoma risiti. Hakuna mwanahistoria angeweza kumshitaki vizuri kuliko alivyojieleza.

Upande wetu wa pili nao wasifikiri nimewasahau. Wewe ambaye kwenu picha ya mzee Karume iko ukutani na kila Januari unavaa fulana, kitabu chako ni cha Ali Muhsin al-Barwani, Conflicts and Harmony in Zanzibar, cha 1997. Alikuwa kiongozi wa ZNP, akafungwa Tanzania bara miaka kumi bila ya kufikishwa mahakamani, akafariki mwaka 2006. Ana upande wake, hafichi, na kuna kurasa utataka kukitupa. Usikitupe. Halafu uende kwa Harith Ghassany, Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kilichotoka 2010 kwa Kiswahili. Huyu aliwatafuta wazee wenyewe walioshiriki, wakiwemo wa bara, akawaachia waseme. Hoja yake kwamba mkono wa Tanganyika ulikuwa mkubwa kuliko tulivyoambiwa haikubaliki na kila mtu, na mie mwenyewe kuna mahali naona anavuta kamba zaidi ya inavyofika. Lakini ushahidi wa mtu aliyekuwepo, kwa lugha yake, hupati mahali pengi.

Na kwa kuwa nimesema kila mtu asome cha mwenzake, binamu naye inampasa asome Masimulizi ya Sheikh Thabit Kombo Jecha, yaliyoandikwa na Minael-Hosanna Mdundo, 1999. Huyo ni mtu wa ndani kabisa ya ASP, anaeleza kwa nini watu walihisi uhuru wa Desemba 1963 haukuwa wao. Kitabu cha John Okello mwenyewe, cha 1967, sikukitia kwenye karatasi. Anajisifu mno, hesabu zake za waliokufa anazitaja kama mtu anayetaja magoli, na mtu wa miaka ishirini akianza na hicho atadhani Mapinduzi yote yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Kisomwe mwisho.

Ingekuwa nalazimishwa kuchagua kimoja tu cha kuwapa wale wawili wasiosalimiana, ningechukua cha G. Thomas Burgess cha mwaka 2009. Jina lake refu: Race, Revolution, and the Struggle for Human Rights in Zanzibar. Ndani yake wamo watu wawili, Ali Sultan Issa na Maalim Seif Sharif Hamad, kila mmoja anasimulia maisha yake. Ali Sultan ni mkomunisti aliyeshika uwaziri baada ya Mapinduzi, baadaye akafungwa, na baadaye tena akawa mtu wa hoteli za watalii. Maalim Seif ni kijana wa Pemba aliyekulia ndani ya mfumo wa Mapinduzi, akapanda ngazi zake, kisha akawa mpinzani wake mkubwa hadi alipofariki mwaka 2021. Wamepishana karibu kwa kila kitu na jalada ni moja. Katika vitabu vyote nilivyosoma mwaka huu hiki ndicho nilichokisoma hadi saa tisa ya usiku, na kesho yake nikasoma geji vibaya.

Nikiongea kama mhandisi kidogo: mfereji ukiwa na kipimo kimoja, na kipimo hicho kikiwa na hitilafu, hutajua kamwe. Unaweka viwili mbalimbali, na pale vinapopingana ndipo unaposhuka na tochi.

Vitabu nilivyovitaja ni vya historia, na najua wapo watakaosema, kaka tuna vitabu vya kutosha vya darasani, tupe hadithi. Haya. Mwaka 2021 ilitoka filamu ya Amil Shivji, Vuta N'kuvute, ikaonyeshwa Toronto. Kama jumuiya yenu haijaipata, itafuteni. Kiswahili kinasikika mle kama kinavyosemwa, na Mji Mkongwe umepigwa picha na mtu anayeupenda. Lakini ni filamu ya saa moja na nusu hivi, na riwaya ya Adam Shafi iliyoizaa, ya mwaka 1999, ina nafasi ambayo filamu haina. Yasmin anayekimbia ndoa ya mzee, Denge na vikaratasi vyake vya siasa, na juu ya wote Mwajuma, ambaye kwa kweli kitabu kingeweza kuwa chake. Hapa kitabu hakigombani na filamu, kinaitanua. Ukitoka hapo nenda Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978, aliyoiandika akiwa upande wa Mapinduzi waziwazi, kisha Haini ya 2003, ambayo inahusu kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa ndani. Yaani mtu mmoja, kalamu moja, na umbali baina ya vitabu viwili hivyo ni kama umbali wa nchi mbili. Sijui kwa nini tunakwenda kutafuta ujasiri wa namna hiyo kwa Warusi.

Gurnah simtaji kwa sababu ya Nobel ya 2021, mmeshamsikia vya kutosha. Namtaja kwa sababu Paradise, ya 1994, sasa ipo kwa Kiswahili. Ida Hadjivayanis ameitafsiri, inaitwa Peponi, imetoka 2022. Nilimwona ami akiisoma kurasa za mwanzo, za mtoto Yusuf anayepelekwa kwa tajiri Aziz kulipia deni la babake, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani na kukaa kimya. Alipokifungua tena hakusema "huyu naye".

Wenzangu wa Kenya na Uganda msinune, nanyi mna filamu zenu, ila hapa nitapita haraka. Mliopenda Out of Africa ya 1985, na naelewa, mandhari ni mazuri, someni Ngũgĩ wa Thiong'o (aliyetutoka 2025) katika Detained, anavyomshughulikia Karen Blixen na mpishi wake. Baada ya The Last King of Scotland ya 2006 msitoke mkidhani yule daktari wa Kiskochi alikuwepo. Ni wa kubuni, ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden. Aliyekuwepo kweli ni Henry Kyemba, waziri wa Idi Amin aliyekimbia mwaka 1977 na mwaka huohuo akatoa A State of Blood. Anatisha zaidi kuliko Forest Whitaker, na hapigi kelele.

Mau Mau lakini sitaipita haraka, kwa sababu hapo safari ya kutoka kwenye picha kwenda kwenye kitabu ilifika hadi mahakamani. Mwaka 2002 BBC ilionyesha makala ya video, Kenya: White Terror, iliyotegemea utafiti wa Caroline Elkins kuhusu kambi za kizuizini. Mwaka 2005 kitabu chake kikatoka, na mwaka huohuo David Anderson akatoa Histories of the Hanged. Elkins alishambuliwa, hasa kwa hesabu zake za waliokufa, na wengine waliomshambulia walikuwa na hoja. Wazee wakafungua kesi London mwaka 2009. Wakati kesi inaendelea, zikajitokeza nyaraka za kikoloni zilizokuwa zimefichwa Hanslope Park. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228, pauni milioni 19.9 kwa jumla. Fedha kidogo ukigawa, na wengi walikuwa wameshakufa. Lakini angalieni: makala ile ingeishia kwenye televisheni, watu wakasikitika usiku mmoja wakalala, pasingekuwa na kesi. Wanasheria hawakupeleka machozi ya watazamaji mbele ya jaji. Walipeleka karatasi, na wanahistoria hao hao wakasimama kuzieleza.

Najua mtaniambia vitabu ni ghali. Ni ghali. Vingine havichapishwi tena na nakala moja ya mkononi inauzwa bei ya tikiti ya basi la kwenda London na kurudi. Lakini sisi tuna kitu ambacho ami yangu hana na hatakipata: kadi ya maktaba ya chuo. Kitabu kisipokuwepo, dawati la maktaba linaweza kukuombea kutoka maktaba nyingine. SOAS peke yake ina rafu za Kiswahili ambazo Zanzibar nzima huzipati. Tunabeba maboksi usiku kulipia ada, halafu tunatumia sehemu ndogo kabisa ya kile tunacholipia. Mie miaka minane ya vyuo nilikuwa naingia maktaba kwa ajili ya umeme na joto.

Basi binamu hakukituma kile kipande. Si kwamba nilimshinda kwa hoja, hapana. Aliniambia atakituma Januari, lakini pamoja na ile karatasi ya vitabu, na atakayetaka kujibu ataje kwanza amesoma kipi. Sijui kama grupu litakubali sharti hilo. Nami nimesema nitakuwepo.

Na bibi? Siku ya pili nilimfuata uani nikamwomba radhi kwa niaba yetu. Akasema yeye sinema ile haihitaji, alikuwepo. Kisha akaniuliza, kwani sinema nyingine hatuna? Nikakumbuka kwamba ndani ya kompyuta nilikuwa na kitabu cha Laura Fair, Reel Pleasures, cha 2018, kinachoeleza watu wa miji ya Tanzania walivyokuwa wakienda sinema karne iliyopita. Nikaanza kumfasiria, jioni moja baada ya nyingine, sehemu zinazohusu Zanzibar, Majestic na Empire, filamu za Kihindi, na maonyesho ya wanawake watupu. Akawa ananikatiza kila mstari. Hapana, mlango haukuwa upande huo. Ndiyo, tulikuwa tunalia, tena sana, na leso tukienda nazo mbilimbili. Filamu ile ilikuja mwaka mwingine. Kuna jina la mwigizaji nililitamka vibaya, akacheka mpaka akashika ubavu.

Jioni ya nne alininyamazisha kwa mkono. Akasema ile Jumapili ya Mapinduzi ilikuwa zimebaki siku chache kuingia Ramadhani, na yeye na dada yake walikuwa wameshakubaliana wende sinema mara moja ya mwisho kabla ya mwezi kuandama, nguo zimeshapigwa pasi, ziko juu ya kitanda. Akaanzia hapo. Aliendelea hadi Alfajiri, na mie sikuandika hata neno, kwa sababu hakunipa ruhusa.

Nakala yangu ya Burgess ataipata wa kwanza kuniomba nikirudi mwezi wa tisa. Asinikunjie kurasa.